Kondoo na panya katika utafiti wa homa ya Bonde la Ufa

HOMA ya Bonde la Ufa ilichunguzwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mnamo 1930, wana-kondoo walipofariki kwa wingi na kondoo wenye mimba kuzitupa.

Mizoga ilipopasuliwa, maini yalipatikana yameharibika vibaya. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walieleza mwaka 1931 kuwa damu ya kondoo mgonjwa, hata ikichujwa kuondoa bakteria, iliwaambukiza kondoo wazima ilipodungwa mwilini mwao. Hivyo ikabainika kwamba chanzo ni virusi.

Baadaye, mtafiti Smithburn alipitisha virusi hivyo mara nyingi katika ubongo wa panya hadi makali yake yakapungua, na mnamo 1949 akaeleza matokeo yaliyozaa chanjo ya mifugo. Hata hivyo, chanjo hiyo inaweza kuwafanya kondoo wenye mimba kuzitupa.

Funzo ni kwamba panya hufungua njia tu. Sharti chanjo ijaribiwe kwa mnyama atakayechanjwa, hasa mwenye mimba. Hilo si jambo dogo: mkurupuko wa 2006-2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya.