Deni la Kasisi Broome

Ihsani kwa hayawani, kama zilivyo ihsani nyingine zote, haidumu kwa wema wa moyo peke yake, bali huhitaji hazina. Na atakaye kulihakikisha neno hili na aitazame historia ya chama kilichoasisiwa mjini London tarehe 16 Juni 1824, katika mkahawa wa Old Slaughter's, kwa azma ya kuwakinga wanyama na mateso ya wanadamu.

Sheria ilikwisha kupatikana mwaka 1822 kwa juhudi za Mbunge Richard Martin, nayo ilikataza kuwatendea ukatili farasi, ng'ombe na kondoo. Lakini London haikupata jeshi la polisi lenye nidhamu hadi mwaka 1829, na kwa sababu hiyo aliyetaka sheria ifuatwe ilimlazimu kuajiri watu wa kukesha katika soko la mifugo la Smithfield, kuwalipa ujira wao, kisha kugharimia mashtaka mbele ya hakimu. Kasisi Arthur Broome, katibu wa kwanza, aliyeacha wadhifa wake wa kanisani ili aishike kazi hii, aliwalipa walinzi wa awali kwa mali yake mwenyewe. Michango ilikuja kwa uchache, gharama zikaja kwa wingi, na ilipofika mwaka 1826 deni la chama lilikuwa karibu pauni 300. Na kwa kuwa Broome ndiye aliyekidhamini, wadai walimshika yeye, akatiwa gerezani.

Martin na Lewis Gompertz, Myahudi mwenye huruma isiyo kifani, walichanga na kuchangisha hata chama kikaokoka, naye Gompertz akashika ukatibu hadi mwaka 1832, alipojitoa baada ya wenziwe kuazimia kuwa chama kiwe cha Wakristo tu: dhuluma iliyoje kwa mtu aliyewaokoa katika dhiki! Mwaka 1835 Binti Mfalme Victoria alikubali kuwa mlezi, na mwaka 1840, akiwa Malkia, alikipa chama heshima ya kuitwa cha Kifalme. Lakini Broome alikuwa amefariki tangu mwaka 1837.

Basi wenye kuanzisha vyama vya rehema wasione haya kuuliza habari za fedha tangu siku ya kwanza, kwani mzigo ulio haki ya jamaa nzima ukitwikwa mtu mmoja, huyo ataangamia, na wanyama waliomtegemea watakosa mtetezi.