Uhamisho wa mkazo wa tetemeko la ardhi

Uhamisho wa mkazo ni badiliko la nguvu zinazobana na kusukuma miamba ya ganda la dunia baada ya tetemeko kubwa la ardhi. Tetemeko hupunguza mkazo katika sehemu ya ufa iliyoteleza, lakini huuongeza katika sehemu za jirani, hasa kwenye ncha mbili za mtelezo. Kwa hiyo tetemeko moja linaweza kuwahisha lingine au kulichelewesha.

Jinsi unavyotokea

Mabamba ya gandunia husogea polepole, lakini kingo zake hukwama kwa sababu ya msuguano. Mkazo hujikusanya kwa miaka mingi hadi kuushinda msuguano huo. Hapo miamba huteleza ghafla. Miamba iliyo mbele ya mahali mtelezo uliposimama hubebeshwa mzigo wa ziada. Ongezeko hilo mara nyingi ni la bar chache tu (shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari ni takriban bar 1). Hata hivyo linatosha kuwahisha tetemeko kwenye ufa uliokuwa tayari karibu kuteleza. Mahali ambapo mkazo umepungua huitwa kivuli cha mkazo.

Ufa wa Anatolia Kaskazini

Mfano unaojulikana zaidi uko kaskazini mwa Uturuki. Tarehe 27 Desemba 1939 tetemeko lenye ukubwa wa 7.8 liliharibu mji wa Erzincan na kuua watu zaidi ya 30,000. Matetemeko makubwa ya miaka 1942, 1943, 1944, 1957 na 1967 yalifuata, kwa jumla yakielekea magharibi.

Mwaka 1997 Ross Stein, Aykut Barka na James Dieterich walionyesha kwamba matetemeko 9 kati ya 10 waliyochunguza yalitokea mahali ambapo yaliyotangulia yalikuwa yameongeza mkazo. Walitaja eneo la İzmit kuwa miongoni mwa yaliyo hatarini. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko la İzmit liliua watu zaidi ya 17,000. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo lilifuata lile la Düzce, upande wa mashariki.

Hatari kwa Istanbul

Sehemu ya ufa iliyo chini ya Bahari ya Marmara, kusini kwa Istanbul, haijapasuka kikamilifu katika mfululizo huo. Utafiti wa mwaka 2000 ulikadiria uwezekano wa mtikisiko mkali mjini humo ndani ya miaka 30 kuwa asilimia 62, kwa kuongeza au kupunguza 15. Makadirio ya namna hiyo hayataji siku ya tetemeko. Huonyesha mahali ambapo majengo yanahitaji kuimarishwa kwanza.