Tunga Sentensi: Elea

Darasa la sita, mtihani wa Kiswahili, swali lilikuwa fupi: tunga sentensi ukitumia kitenzi "elea". Niliandika, "Vumbi linaelea hewani." Karatasi ikarudi na alama ya kukosa, kubwa, nyekundu, na kando yake mwalimu ameandika jibu lake: "Mashua inaelea majini." Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona mashua. Sisi ni watoto wa Nakuru. Ziwa letu lina nyati na vifaru kandokando yake, mashua haina.

Namwelewa mwalimu sasa. Kitenzi hiki kilikuja kwetu kutoka pwani kikiwa bado kimelowa chumvi. Hata methali yake ni ya mafundi wa vyombo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Na huko huko kikazaa matumizi mengine, moyo ukikuelea unataka kutapika, somo likikuelea umelishika. Lakini neno likipanda reli hadi bara hukuta mambo mengine yakilisubiri. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na watu waliokuja nayo wakakuta mahali ambapo vitu vingi vinavyoelea haviko majini.

Anza na vumbi lenyewe. Wengi husema jina Nakuru limetoka kwenye neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ukikaa hapa Januari hauhitaji profesa akueleze. Ziwa ni la magadi na halina kina, kwa hivyo kiangazi kikikaza hunywea hadi kubaki kidimbwi, kama lilivyofanya katikati ya miaka ya 1990. Kitanda chake kikikauka, upepo wa mchana hubeba unga mweupe na kuuleta mjini. Unaukuta kwa nguo ulizoanika, kwa meno, kwa chai. Hiyo ndiyo sentensi yangu iliyokatwa, na bado nasimama nayo.

Halafu panda Menengai. Ni volkano iliyobomokea ndani, shimo lenye upana wa kilomita kadhaa, na chini yake mvuke hutoka kwenye nyufa asubuhi na jioni. Wamaasai husimulia kwamba katika karne ya 19 Ilpurko walipigana na Ilaikipiak hapa juu, na walioshindwa wakatupwa shimoni. Mvuke ule ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda mbinguni. Zinainuka kidogo, zinakaa hewani, hazifiki. Wakikuyu nao wakapaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani, na ukiongea na wazee wanaoishi karibu na ukingo watakuambia juu ya mwavuli unaoelea juu ya shimo mvua ikinyesha, bila mtu wa kuushika. Mimi sijauona. Nimekaa pale na mvua zaidi ya mara moja, nikalowa tu.

Kinachonikaa rohoni si mwavuli. Ni kwamba mwaka 1904, miaka minne baada ya reli, mkataba na serikali ya kikoloni uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa ili ardhi wapewe walowezi. Waliohamishwa ndio waliokuwa wamepapa majina haya. Kwa hivyo tuko na mji ambao majina yake yanaeleza habari za watu waliofukuzwa, na hadithi ya roho zisizo na pa kutua tunaisimulia sisi tuliokuja baadaye. Siku hizi mvuke ule unazungusha mitambo: tangu 2023 kuna kituo cha megawati 35 Menengai kinachouza stima. Stima ya roho, boyz wa mtaani husema, na wanacheka.

Mwalimu wangu pia angepata haki yake kama angeshuka hadi Naivasha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950, ndege zenye tumbo la mashua zilitua kwenye ziwa lile zikiwa safarini kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika. Abiria wa Nairobi walishukia hapo wakamalizia safari kwa barabara. Ziliundwa Rochester, Uingereza, na kampuni ya Short Brothers. Fikiria mvuvi akiangalia chombo kinachoelea hewani, kisha kinashuka, kisha kinaelea majini. Kitenzi kimoja, mara mbili, bila kosa. Ufuoni mwa ziwa hilo hilo ndiko walikoishi Alan na Joan Root, watengeneza filamu waliovuka juu ya Kilimanjaro kwa puto mwaka 1974. Puto za watalii zilifuata, lakini hizo ni za wenye pesa, tuziache zipite.

Maana kuna maji. Kutoka karibu mwaka 2010 maziwa ya bonde hili yalianza kupanda. Ziwa Nakuru lilikuwa na kilomita za mraba kama 40. Kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la zamani la mbuga likazama pamoja na ofisi zake. Maji yakapunguza makali ya magadi, chakula cha flamingo kikapungua, na lile wingu la waridi lililokuwa likining'inia juu ya ziwa likahamia Bogoria na kwingine. Mji ukapata hadhi ya jiji Desemba 2021 ndege wake wengi wakiwa hawapo.

Shangazi yangu alikuwa na nusu ekari upande wa Mwariki. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikaa mwezi mzima kwenye ua wa jirani, kisha asubuhi moja akashusha miguu kitandani akakanyaga baridi. Anasema alijua wamehama alipoona sufuria ya ugali inatoka mlangoni yenyewe, polepole, kama mgeni anayeaga.

Sasa anapanga chumba kimoja upande mwingine wa mji. Hati ya shamba anayo, imefungwa kwa karatasi ya nailoni ndani ya sanduku. Ameipeleka kwa ofisi mbili kuuliza kama atafidiwa, na kila mahali ameambiwa arudi. Nilipomsomea kazi hii ikiwa nusu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama naweza kutunga sentensi moja kuhusu ile hati. Nikamwambia ajaribu mwenyewe.

"Shamba limezama," akasema, "hati inaelea."

Jumapili iliyopita tulienda kuangalia. Mabati ya jikoni yanaonekana tena, kama urefu wa mkono. Alihesabu mistari iliyotoka nje ya maji, akaiandika kwa simu, tukarudi kupanda matatu kabla mvua haijafika.