Mirembe na Ujimbi: Historia ya Siha ya Akili katika Nchi ya Wagogo

Reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914, mji huu mdogo wa nyika kavu ulijikuta katika njia iunganishayo bahari na ziwa. Wala haikuwa ajabu basi kwamba Waingereza, walipokuwa wakiitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, waliuchagua mwaka 1927 kuwa makao ya hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo hata leo yaitwa Mirembe. Kabla yake palikuwapo Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakayageuza kuwa hifadhi ya watu waliopotewa na akili.

Nia ya Mirembe, ikitazamwa kwa insafu, ilikuwa na pande mbili: kumhifadhi mgonjwa asidhurike, na kuwahifadhi watu wengine asije akawadhuru, na katika hizo, ya pili ndiyo iliyotangulia. Hakimu ndiye aliyekuwa na amri ya kumtia mtu humo, na baadaye ikaongezwa Isanga kwa ajili ya wale waliotenda jinai hali akili zimewatoka. Mgonjwa aliyefikishwa huko aghalabu alifika maradhi yamekwisha kukomaa, ndugu wamechoka, na mali ya nyumba imekwisha kwa waganga. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuuliza ni nini kilichoweza kufanywa kabla ya siku hiyo. Ndipo jina la hospitali likageuka kuwa tusi, hata mtoto wa shule akimwona mwenziwe anazungumza peke yake humwambia kwamba ametoroka Mirembe. Tusi hilo lina madhara makubwa, maana jamaa wanaoiogopa aibu humficha mgonjwa wao chumba cha nyuma, na maradhi ambayo yangalitulizwa mapema huachwa yakaota mizizi.

Lakini haiwi haki kudhani kwamba nchi ya Wagogo, inayoizunguka Dodoma, haikuwa na kinga yoyote kabla ya serikali kuja na kuta zake. Chukua habari ya ujimbi, pombe yao ya mtama na uwele. Katika ada ya zamani pombe hiyo ilikuwa na mahali pake na wakati wake: mwenye shamba aliwapikia majirani waliokuja kumsaidia kulima au kuvuna, wazee waliitumia katika ibada za mizimu, na vijana hawakuinywa mbele ya wakubwa bila ya ruhusa. Tena nchi yenyewe iliizuia. Mvua za Ugogo ni haba na za kubahatisha, na watu waliookoka katika Mtunya, njaa ile ya kutisha iliyoshika kati ya miaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, walijua vizuri thamani ya pishi moja ya uwele. Ghala ilipopungua, mtungi nao ulikauka. Ukame na ada vilisaidiana kumpa mlevi miezi mingi ya kuwa na akili timamu.

Uzio huo ulibomoka pole pole, na fedha ndiyo iliyoubomoa. Ujira ulipoingia mjini na katika kambi, kama zile za Kongwa, ambako Waingereza walijaribu kulima karanga tangu mwaka 1947 hata wakashindwa na kuacha mwaka 1951, kijana aliweza kunywa kila jioni, miongoni mwa wageni, mbali na jicho la mjomba wake. Pombe ikawa bidhaa, na kilabu kikawa duka lake. Simlaumu mama apikaye pombe ili anunue mahitaji ya shule ya mwanawe, kwa kuwa katika vijiji vingi hana biashara nyingine. Ila yatupasa kukiri kwamba ada iliyomlinda mnywaji ilikufa, na hakuna taasisi iliyowekwa mahali pake. Gongo ilipigwa marufuku, nayo haikukoma kuuzwa.

Fikra ya kinga ilirudi kwa mlango mwingine. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 juu ya afya ya msingi, Tanzania ilijaribu, katika Morogoro na Kilimanjaro, kuwafundisha watumishi wa zahanati kuwatambua na kuwatibu wagonjwa wa akili huko huko vijijini. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kazi nyingi ya kuilinda akili haina jina la akili: mama ajifunguaye bila ya kuchelewa, mtoto atibiwaye malaria kabla haijapanda kichwani, mwenye kifafa apataye dawa ya fenobabitoni kila mwezi asianguke motoni, wote hao wameepushwa na msiba ambao daktari bingwa hawezi kuuondoa baadaye. Dawa hiyo ni ya bei nafuu mno, nami naona ni aibu kubwa kwa zahanati kuikosa.

Heroini nayo ilitufikia, zikafuata sheria za mwaka 1995 na 2015, na metadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wake, ikaanza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Leo hutolewa pia Itega, Dodoma, chini ya usimamizi wa Mirembe, na vijana waliokuwa wakiiba ili walipie dozi hurudi kazini. Ni tiba ya heri, lakini bado ni mkono unaomshika mtu aliyekwisha kuanguka. Na Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupata chuo kikuu chake mwaka 2007, sasa imejaa vijana waliowaacha wazee wao mbali, kama walivyokuwa vibarua wa Kongwa.

Nawasihi basi madiwani wa jiji na wa wilaya zote za mkoa: Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 imewapa mamlaka ya kutoa leseni za vilabu, na vileo haviruhusiwi kuuzwa saa zote; zisimamieni saa zilizoruhusiwa, tengeni fungu la muuguzi wa afya ya akili katika kila kituo cha afya, na msikubali dawa ya kifafa ikosekane hata mwezi mmoja.