Ujasiri wa Kukaribia: Wasomaji wa Buganda na Jaribio la Imani

Katika Waraka kwa Waebrania mambo mawili hukaa jirani: ujasiri wa kumkaribia Mungu, na saburi ya kudumu katika imani. Wasomaji wengi huyapanga mambo hayo kwa namna moja. Hudhani ya kuwa saburi hutangulia, na kwamba mtu akivumilia vya kutosha ndipo apatapo haki ya kukaribia. Lakini Waraka wenyewe wayapanga kinyume. Kwanza wasema njia imekwisha funguliwa. Kisha wawaalika watu waingie. Na baada ya hayo ndipo uwaambiapo washike sana maungamo yao, wala wasiache kukusanyika pamoja. Ukaribu ndio mzizi, na saburi ndiyo tunda.

Insha hii yataka kulipima wazo hilo kwa mizani ya historia. Nimewachagua watu ambao jambo la kumkaribia mfalme halikuwa kwao mfano wa maneno, bali kazi ya kila siku: vijana wa nyumba ya Kabaka wa Buganda, walioitwa wasomaji, ambao wengi wao waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887.

Yafaa kwanza kuifahamu nyumba hiyo. Makao ya Kabaka yalikuwa mji mzima wa matete, ua ndani ya ua, lango baada ya lango, na kila lango lilikuwa na mlinzi wake. Machifu na koo walipeleka watoto wao huko wakalelewe na kutumika. Kijana aliyependeza aliweza kuinuliwa, akapewa cheo na ardhi. Asiyependeza aliweza kupotea kabla jua halijachwa. Watu walijitupa chini mbele ya Kabaka, wakamshukuru kwa neema, na hata kwa adhabu. Palikuwapo mahali maalumu pa kuulia watu, na Namugongo palikuwa pamoja napo, chini ya mkuu wa wauaji aliyeitwa Mukajanga. Kwa hiyo kijana wa baraza alijua kuwa kukaribia ni heshima, na kwamba heshima hiyo ina makali. Aliyekuwa mbali alikuwa maskini, lakini salama. Aliyekuwa karibu alikuwa tajiri, lakini shingo yake haikuwa yake.

Katika nyumba hiyo kusoma kuliingia kwa njia ya pwani. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili walikuwa wa kwanza kufundisha dini ya kitabu, na Kabaka Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani miaka kadhaa. Karibu na mwaka 1876 baadhi ya vijana wake Waislamu walikataa kula nyama ambayo haikuchinjwa kwa sheria ya dini yao, naye akaamuru wauawe. Wengi wao walifia Namugongo. Ni haki kulikumbuka jambo hili, maana hutokea mara nyingi kwamba historia ya Wakristo wa Buganda husimuliwa kana kwamba ujasiri ulianza nao. Haukuanza nao. Waliposimama mahali pale miaka kumi baadaye, walikanyaga udongo ambao vijana wengine, wa dini nyingine, walikuwa wameutangulia kuulowesha.

Wamisionari wa C.M.S., Waanglikana kutoka Uingereza, walifika mwaka 1877. Padre Lourdel na wenzake Wakatoliki walifika mwaka 1879. Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja lao la kwanza. Agano Jipya la Kiunguja, ambalo Askofu Edward Steere alilitumikia mpaka kufa kwake mwaka 1882, lilichapishwa lote mwaka 1883. Agano Jipya la Kiganda lilingoja hata mwaka 1893. Kwa hiyo kijana wa Kiganda aliyetaka kuyaona maandiko kwa macho yake katika miaka ile ilimpasa kupitia lugha yetu. Hata neno lenyewe la kusoma lilipata maana pana katika Kiganda: kusoma kulikuwa kusoma, na tena kulikuwa kusali. Mtu hakuulizwa kama anaamini; aliulizwa kama anasoma.

Saburi ya watu hawa haikuanza motoni. Katika Novemba 1882 mapadre Wakatoliki waliondoka Buganda, wakaenda kukaa kusini ya ziwa, wala hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi waumini wao walibaki bila misa na bila mchungaji. Mwandishi wa mambo ya kale angetazamia kuona kundi limetawanyika. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Vijana walikuwa wamefundishana, mkubwa kwa mdogo, aliyejua sala mbili kwa aliyejua moja. Kwa upande wa Waanglikana, mwaka 1885, hatari ilipokuwa inakaribia, palichaguliwa baraza la wazee Waganda ili ushirika usife hata kama wageni wangefukuzwa. Hapo twaona jambo ambalo Waraka kwa Waebrania hulisisitiza na ambalo husahauliwa upesi: mtu hadumu peke yake. Kukusanyika si pambo la imani. Ni ukuta wa nyumba yake.

Mutesa alifariki katika Oktoba 1884, na Mwanga, kijana bado, akarithi kiti. Hofu zake hazikuwa za bure zote. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wanajitwalia nchi nyuma ya pwani, na habari zao zilifika Buganda. Tena palikuwa na imani ya zamani kwamba atakayekuja kuila nchi atatokea mashariki. Mfalme alitazama pande zote akaona maadui, na ndani ya ua wake mwenyewe akaona vijana ambao utii wao ulikuwa na mpaka. Walimtumikia kwa bidii, lakini walikataa tamaa za mwili alizowataka wazitimize, kwa kuwa dini yao iliwakataza. Kwa mfalme aliyezoea kumiliki vyote, mpaka huo ulikuwa kama uasi.

Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana, Mark Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto karibu na Natete. Habari zilizoandikwa wakati ule zasimulia ya kuwa waliimba wimbo wa kumsifu Mungu, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule Askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia ya mashariki, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yusufu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa msimamizi wa vijana wa nyumba ya mfalme, alimwendea bwana wake akamwonya juu ya damu hiyo. Tarehe 15 Novemba alikatwa kichwa.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Neno la Kiyunani ambalo Waraka kwa Waebrania hulitumia kwa ujasiri ni parresia. Asili yake ni uhuru wa raia kusema waziwazi katika mkutano wa mji. Mtumwa hakuwa nao. Mwandishi wa Waraka alilitwaa neno la barazani akaliweka mbele ya kiti cha Mungu. Mukasa alifanya safari ya kurudi: uhuru aliojifunza katika sala aliuleta barazani. Hakumtukana mfalme, wala hakukimbia utumishi wake. Alisema naye kama mtumishi mwaminifu asemavyo na bwana anayempenda. Aliyekwisha kusimama mbele ya kiti kikubwa hutetemeka kidogo tu mbele ya kiti kidogo. Na kwa kuwa hatetemeki sana, aweza kukiheshimu bila kukiabudu.

Nafasi ya Mukasa katika kuwalinda vijana ilichukuliwa na Charles Lwanga, ambaye alibatizwa usiku ule ule wa kifo cha mwenzake. Katika Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka mawindo, akagundua kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa katikiro. Alimchoma Ssebuggwawo kwa mkuki, naye akauawa. Usiku huo Lwanga aliwabatiza wanafunzi ambao ubatizo wao ulikuwa bado, na mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Kulipokucha vijana wote waliitwa, na wanaosali wakaamriwa wajitenge upande mmoja. Lwanga alitangulia, na wenzake wakamfuata.

Kujitenga huko kulikuwa hatua chache tu za miguu, lakini hapana hatua zilizo ndefu kuliko hizo katika historia ya Buganda. Vijana waliofunzwa tangu utotoni kuyasogelea mapenzi ya mfalme walisogea upande wa pili. Wengi walipelekwa Namugongo, wakangoja siku kadhaa huku kuni zikikusanywa; na tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja. Lwanga aliunguzwa peke yake, polepole. Mbaga Tuzinde alikuwa wa jamaa ya Mukajanga mwenyewe. Mkuu wa wauaji alimsihi aikane imani au akubali kufichwa, naye akakataa. Kwa huruma ya mwisho alipigwa akafa kabla ya kutiwa motoni. Mauaji yaliendelea hapa na pale mpaka mwanzo wa mwaka 1887. Kwa hesabu iliyozoeleka, waliouawa kwa ajili ya Ukristo walikuwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Lakini je, wale waliobaki? Vijana watatu walioandaliwa kwa moto wa Namugongo waliachiliwa dakika ya mwisho, na mmoja wao, Denis Kamyuka, alikuja kuwa shahidi mkubwa wa habari hizi. Apolo Kagwa alijeruhiwa kwa mkono wa mfalme, akapona. Honorat Nyonyintono alihasiwa, akaishi. Wengine walijificha mashambani, wakasoma kwa siri usiku. Tukiipima saburi kwa kifo tu, itatubidi kuwaweka watu hao safu ya nyuma. Sioni kuwa ni haki. Kanisa la Buganda lilijengwa juu ya kumbukumbu ya waliokufa, lakini lilijengwa na mikono ya waliojificha.

Tena kwa waliobaki lilikuja jaribio la pili, nalo halikuwa la moto. Katika Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana wakamwondoa Mwanga. Katika Oktoba Waislamu waliwashinda Wakristo, na wasomaji wakakimbilia Ankole. Kisha likatokea jambo la ajabu: Wakristo wale wale ambao ndugu zao walichomwa na Mwanga walipigana kumrudisha enzini, naye akarudi mwishoni mwa mwaka 1889. Nyonyintono alifia vitani. Twaweza kuuita msamaha, na twaweza kuuita siasa. Hapana shaka ulikuwa na sehemu ya vyote viwili. Lakini ushindi ulipokwisha patikana, vyeo viligawanywa kwa dhehebu, na waliosimama bega kwa bega Namugongo wakaanza kutazamana kwa mitutu ya bunduki. Tarehe 24 Januari 1892, huko Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana, na Kapteni Lugard na bunduki yake ya Maksimu akawapa Waprotestanti ushindi.

Ilikuwa miaka sita kasoro miezi michache tangu moto wa Namugongo. Mwanahistoria asilifiche jambo hili, wala Mkristo asilikimbie. Hofu ilikuwa imewajaribu wasomaji, nao wakadumu. Faida ikawajaribu, na wengi wakaanguka bila kujua kwamba wameanguka. Sababu yaonekana wazi. Mbele ya moto walimwendea Mungu mikono mitupu, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kushika. Mbele ya vyeo mikono yao ilikuwa imejaa. Ujasiri wa kumkaribia Mungu si ruhusa ya kukaa katika kiti chake na kugawa mashamba kwa jina lake. Kila ujasiri usiorudi kwenye chanzo chake kila siku hugeuka kuwa kiburi, nacho huendelea kutumia maneno yale yale ya sala.

Historia haikuishia Mengo. Mashahidi Wakatoliki walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Na siku hiyo Papa Paulo wa Sita aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Leo, kila tarehe 3 Juni, makundi makubwa huenda Namugongo kutoka nchi nyingi za Afrika, wengine kwa miguu majuma mengi. Wakatoliki wana mahali pao na Waanglikana pao, lakini barabara iendayo huko ni moja.

Na Mwanga? Aliasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko, mbali na ua zake na malango yake, alibatizwa katika kanisa la Kianglikana kwa jina la Danieri, akafariki mwaka 1903. Msomaji aweza kuupima ubatizo huo apendavyo. Mimi naona ndani yake maana ya mwaliko ambao Waraka kwa Waebrania huutoa. Kama kukaribia kungekuwa ujira wa waliovumilia, mlango ungekuwa wa Lwanga na Kizito peke yao, na mfalme angebaki nje. Lakini kwa kuwa njia ilifunguliwa kabla ya uvumilivu wa mtu ye yote, aliyeuawa na aliyeua waliweza kuipita, mmoja akiwa kijana wa miaka kama 14, na mwingine akiwa mfalme asiye na kiti.