Moyo Hauangalii Kitambulisho

Wasee wa Meru na Embu, tumezoea kusema shida za moyo ni za wazee. Ukiwa na miaka 22 na unamaliza dakika 90 bila kuhema, nani atakwambia upimwe moyo? Lakini historia ya michezo inasema mambo mengine.

Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, kwenye nusu fainali dhidi ya Colombia. Hakuna aliyemgusa. Alikufa akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi. Hali hiyo mara nyingi hurithiwa, na mtu anaweza kucheza miaka mingi bila kujua anayo.

Jim Fixx naye, Mmarekani ambaye kitabu chake kilifanya watu wengi waanze kukimbia, alikufa mwaka 1984 akitoka kukimbia. Alikuwa na miaka 52, na mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba. Hapo ndipo umri unaleta tofauti: chini ya miaka 35, shida mara nyingi ni ya kurithi; ukipita hapo, kwa kawaida ni mishipa.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akichezea Bolton. Alikuwa na miaka 23. Moyo wake ulisimama dakika 78, na bado yuko hai. Walianza kumbonyeza kifua papo hapo, mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu, na daktari wa moyo aliyekuja tu kama shabiki akashuka kutoka jukwaani kusaidia.

Huku kwetu mtu akianguka tunamzunguka, tunampepea, tunammwagia maji. Dakika zinaisha hivyo.

Halafu kuna muguka na miraa kabla ya mechi. Najua zinalipa karo Mbeere na Igembe, sisemi zing'olewe. Lakini ile stimu inapandisha presha na mapigo ya moyo, kisha wewe unaongeza mbio juu yake.

Mazoezi ni mazuri, usiache. Ila ukizimia katikati ya mbio, kifua kikikubana, au kama kuna ndugu yenu aliyekufa ghafla akiwa kijana, nenda upimwe moyo kwanza. Na kabla timu ichangie jezi mpya, ichangie watu wawili wafunzwe kubonyeza kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Jezi inaweza kungoja.