Siku ya Mgonjwa katika Sheria za Kazi za Kenya

Neno kibarua latokana na barua. Huko pwani, katika karne ya 19, lilikuwa jina la kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi aliyoifanya. Baadaye likamwangukia mtu mwenyewe. Pasipo kazi hapakuwa na kikaratasi, na pasipo kikaratasi hapakuwa na ujira. Ugonjwa haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Wakati wa ukoloni hesabu ya namna hiyo ilitawala pia mashamba ya walowezi, ambako wengi waliajiriwa kwa tikiti ya siku 30. Siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama. Siku ya homa iliachwa wazi, na mshahara ukangoja hadi alama zote zitimie. Kwa hiyo mwezi wa mgonjwa ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, ilhali watoto wake walikula kwa kalenda.

Sheria ya Ajira ya 1976 ilimtaka mwajiri ahakikishe kwamba mwajiriwa anayeugua anapata dawa zifaazo. Takwa hilo si dogo, lakini dawa si mshahara. Dawa humrudisha mtu kazini, na faida yake humfikia mwajiri vilevile. Malipo ya siku za kitandani ndiyo yanayokiri kwamba mkataba haukatiki kwa kuwa mwili umeshindwa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chakiri hivyo waziwazi. Aliyetumikia miezi miwili mfululizo hustahili, katika kila miezi 12, siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, mradi atoe cheti cha tabibu aliyehitimu au cha anayemwakilisha tabibu huyo katika zahanati. Kutajwa kwa zahanati ni busara, maana hospitali si jirani wa kila mchuma chai.

Tatizo limo katika ile miezi miwili. Kibarua, kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, huajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja na hulipwa kila jioni. Kifungu cha 37 chamwokoa kwa kiasi: akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Hata hivyo daftari la siku hizo hukaa kwa mwajiri, naye anayemsimamisha kibarua siku ya 25, akamwita tena baada ya majuma mawili, hudai kwamba hesabu imeanza upya. Hapo mgonjwa hubaki kuitafutia mahakama siku zake.